Kadi nyekundu ilizaliwa kwenye taa za barabarani

Mchezaji wako akilimwa kadi nyekundu unaweza kumlaani refa wiki nzima, lakini huulizi kama kweli ametolewa. Umeiona. Kabla ya 1970 hata hilo lilikuwa na utata, maana refa alikuwa na kipenga, daftari na mdomo wake tu.

Twende Wembley, London, tarehe 23 Julai 1966. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza na Argentina. Dakika ya 35 refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, anamwamuru nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, atoke nje. Rattín anaongea Kihispania, refa hakijui. Nahodha anaonyesha kitambaa chake mkononi, anataka mkalimani. Hatoki! Mechi inasimama dakika kadhaa, viongozi wanaingia uwanjani kumbembeleza. Wengi humwita mkaidi, na alikuwa mkaidi kweli, ila jifanye ni wewe: unafukuzwa mbele ya uwanja mzima na hujaelezwa kosa lako kwa lugha unayoijua. Hata wenyeji hawakuelewa vizuri, maana baada ya mechi ilibidi waiulize FIFA kama Jack Charlton alikuwa ameonywa.

Aliyesimamia marefa wa mashindano hayo alikuwa Ken Aston, Mwingereza, naye alikuwa na kovu lake. Mwaka 1962 kule Santiago alichezesha Chile na Italia, mechi ya ngumi na mateke. Muitalia aliyemtoa mapema aligoma, mpaka polisi wakaingia.

Basi baada ya sakata la Wembley, Aston akiwa anaendesha gari mtaa wa Kensington High Street, taa zikabadilika. Njano: angalia, taratibu. Nyekundu: simama. Nani anahitaji mkalimani hapo? (Fizikia kidogo: njano huakisi mwanga mwingi kuliko nyekundu, kwa hiyo hata kwenye televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe moja huonekana nyeupe-nyeupe, nyingine kijivu kilichoiva.)

Kadi zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970, Mexico. Za njano zilitoka. Nyekundu haikutoka hata moja. Ilisubiri hadi 1974, Berlin Magharibi, refa Mturuki Doğan Babacan alipomwonyesha Carlos Caszely wa Chile dhidi ya Ujerumani Magharibi. Ligi ya Uingereza, nyumbani kwa Aston mwenyewe, ilizipokea 1976, ikaziondoa 1981, ikazirudisha 1987.