Soul Marufuku, Nachingwea Yaimba

Ikitajwa Nachingwea, wilaya iliyokuja kuizaa Ruangwa, wanahistoria wanakumbuka karanga za Waingereza, basi. Mimi nataka tuzikumbuke nyimbo. Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO walifungua kambi pale, na vijana wa makabila mbalimbali ya Msumbiji wakakutana. Kuimba kulikuwa sehemu ya mafunzo: Mmakonde alijifunza wimbo wa watu wa kusini, wa kusini akacheza ngoma ya Kimakonde. Samora Machel mwenyewe alipenda kuanzisha wimbo. Maudhui yalikuwa vita. Lakini nadai kwamba fani, yaani ule uitikiaji wa pamoja, ndiyo iliyowafanya wajione taifa moja.

Sasa tazama Dar es Salaam miaka hiyohiyo. Januari 1969 Operesheni Vijana ilianza kuzifukuza sketi fupi na suruali za kubana. Novemba muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini, eti kasumba ya kigeni. Hivi kweli? Mwaka 1968 tu James Brown alikuwa ametoa wimbo wa kumtaka mtu mweusi ajivunie weusi wake! Serikali iliyowapa FRELIMO nafasi Redio Tanzania ikaogopa sauti ya ndugu zao wa Marekani. Wakubwa walitazama nywele na viuno, maneno hawakuyasikiliza. (Na vijana wengi nao, tuseme ukweli, walifuata mdundo tu.)

Wa Nachingwea hawakuzimiwa muziki. Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975.