Ghorofa ya Binti: Jinsi Nyumba za Lamu Zilivyokua

Nyumba za mawe za Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, nyingi hazikukamilika kwa mkupuo mmoja. Zilianza chini, zikapandishwa ghorofa, zikavuka njia. Zilizosimama hadi leo ni za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 kwa sehemu kubwa, wakati biashara ya Bahari ya Hindi ilipowatajirisha waungwana wa mji huo. Nyongeza hizo zilifuata mahitaji ya ukoo, na haja iliyozisukuma kuliko nyingine yoyote ni ndoa ya binti.

Kwa waungwana wa Lamu, mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Baba mwenye uwezo alitarajiwa kumwandalia bintiye makao yake mwenyewe, karibu na mama yake. Akiwa na kiwanja, alijenga pembeni. Lakini Mkomani viwanja vilikuwa haba, kwa hiyo njia ya kawaida ilikuwa kupandisha ghorofa juu ya nyumba iliyopo na kuitolea ngazi yake, ili nyumba mbili zikae pamoja bila ya wakazi wa moja kupita ndani ya nyingine. Aliyemiliki nyumba pande zote mbili za njia aliweza pia kujenga wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia na kuziunganisha. Mawikio hayo yanaonekana hadi leo. Wapita njia hujikinga jua chini yake, na zamani wanawake walipita humo kutoka nyumba hadi nyumba bila kuonekana na watu wa nje.

Jengo lenyewe liliruhusu kukua huko. Kuta za mawe na chokaa zilikaribia unene wa nusu mita, na zilipangwa sambamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba: ikizidi mita 3 hivi haiwezi kubeba uzito, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Ghorofa mpya ikikaa juu ya kuta zilezile ilirudia ramani ya chini. Juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, kisha ikamwagwa kokoto na chokaa na kushindiliwa. Sakafu kama hiyo ni nzito mno, hivyo aliyejenga ukuta mwembamba kwa kubana matumizi aliwanyima wanawe nafasi ya kupanda juu.

Chokaa nayo ilihitaji subira. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yalainike kwa muda wa miezi. Familia iliyokusudia harusi ilianza kazi hiyo mapema sana. Kwa nakshi walitumia jiwe la baharini lililochongwa likiwa bado laini.

Matunda ya subira hiyo yanaonekana vizuri zaidi ndani, chumba cha nyuma kabisa. Kutoka barabarani mtu hupita daka (ukumbi wa mlangoni) lenye baraza, kisha tekani (ukumbi mdogo wa ndani), kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na misana (vyumba virefu) miwili inayofuatana, kila mmoja ukiwa na mwanga hafifu kuliko uliotangulia. Ukuta wa ndani ndio uliopambwa kwa zidaka: safu juu ya safu ya vishubaka vya lipu vyenye kingo za nakshi, vilivyowekwa sahani za kigeni na vyombo vya thamani. Hapo ndipo bibi harusi alipooneshwa, na hapo ndipo mama alipojifungulia. Meko iliwekwa juu darini, moshi upate pa kutokea.

Ni lazima kusema pia nani aliyebeba mzigo. Mawe yalivunjwa, chokaa ikachomwa na maji yakachotwa na watumwa, ambao mara nyingi walilala katika vyumba vya chini, chini ya ghorofa ya mabwana zao. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wenye nyumba walipoteza kazi ya bure iliyowawezesha kujenga na kukarabati. Biashara nayo ilikuwa imehamia Mombasa. Kwa mirathi nyumba moja iligawanyika kwa warithi wengi, na pasipokuwa na mmoja wa kugharimia dari, mvua ilipenya, boriti zikaoza na ghorofa ya juu ikaanguka. Familia nyingi ziliezeka makuti au mabati juu ya kilichobaki.

Katika miaka ya 1970 msanifu Usam Ghaidan alizipima na kuzichora nyumba hizo, na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walichapisha mpango wa kuuhifadhi mji. UNESCO iliuorodhesha mji wa kale wa Lamu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Tatizo la ukarabati wa sasa ni saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji unyevu hubaki ndani, chumvi husukuma lipu hadi ibanduke, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila mtu kuona. Madhara huchukua miaka kujitokeza, kwa hiyo fundi aliyepiga lipu hiyo huwa ameshalipwa zamani. Anayetaka kupandisha ghorofa leo, au kuibadilisha nyumba iwe ya wageni, huanza kwa kukagua vichwa vya boriti na kubadilisha vilivyolika, kuziba nyufa kwa chokaa, na kuhakikisha maji ya bafu mpya hayaingii ukutani. Ni baada ya hapo tu ndipo hupimwa kama kuta za chini zinaweza kubeba dari nyingine.