Kiti Cheusi cha Hedd Wyn

Kiti hiki cha mti wa mwaloni, kilichojaa nakshi za Kikelti, kilichongwa mwaka 1917 na Eugeen Vanfleteren, fundi Mbelgiji aliyekimbia vita nchini kwake. Kilikuwa tuzo ya mshairi bora wa Eisteddfod, tamasha la taifa la Wales, lililofanyika Birkenhead, Uingereza. Tarehe 6 Septemba mshindi aliitwa mara tatu kwa jina lake la siri. Hakusimama mtu. Ellis Humphrey Evans, maarufu kwa jina la Hedd Wyn, yaani “amani iliyobarikiwa”, alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai, akiwa na miaka 30 tu. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi mbele ya umati.

Hedd Wyn alikulia hapa Yr Ysgwrn, shamba la wazazi wake karibu na Trawsfynydd, akichunga kondoo na kutunga kwa Kiwelisi. Shairi lililoshinda, “Yr Arwr”, yaani Shujaa, alilituma akiwa jeshini Ufaransa. Mama yake aliagiza mlango usifungwe kwa wageni, na jamaa wakalishika agizo hilo miaka yote. Mwaka 2012 nyumba ilinunuliwa na Hifadhi ya Taifa ya Eryri.