Sampuli ya Alfajiri: Nani Afundishwe Kazi ya Maafa katika Bonde la Mto Mara?

Mapema Machi 2022, wakazi wa vijiji vya kandokando ya Mto Mara, karibu na Daraja la Kirumi, waliamka wakakuta maji yamekuwa meusi, yananuka, na samaki wanaelea matumbo juu. Serikali ilipiga marufuku kwa muda kuyatumia maji hayo na kuvua humo. Selemani Jafo, wakati huo Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais anayeshughulikia Muungano na Mazingira, akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhandisi wa kemikali aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Machi haijaisha, kamati ikatoa jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe zaidi ya 300,000 wanaochungwa bondeni, pamoja na mimea iliyooza katika ardhi oevu, vilisombwa na maji na kuumaliza uhai wa mto. Ushahidi kwamba sumu ya migodini ndiyo iliyoua samaki haukuonekana.

Watu hawakulikubali. Jibu lilizungushwa mitandaoni likawa mzaha wa taifa. Mwenye akili timamu aliuliza swali la haki kabisa: ng'ombe wamekuwa bondeni humu tangu enzi za mababu, iweje mto ufe mwaka huu? Nyuma ya swali hilo kulikuwa na kumbukumbu. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko juu ya mto, Tarime, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji kutoka bwawa lake la tope sumu. Aliyewahi kuumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi.

Nadai katika makala haya kwamba inawezekana sana kamati ilikuwa sahihi, na kwamba hata hivyo haikuwa na namna ya kuaminika, kwa sababu ushahidi ambao ungemaliza ubishi ulikuwa umekwisha kwenda na maji kabla mtaalamu wa kwanza hajafika na chupa yake. Kama ni hivyo, mjadala wetu kuhusu kuwafundisha wataalamu wa maafa umekaa mahali pasipo pake.

Hoja ninayoipinga

Katika semina na mipango ya maendeleo husikika kauli moja: Tanzania ina upungufu wa wataalamu wa usimamizi wa maafa, kwa hiyo dawa ni kuongeza shahada. Sina ugomvi na shahada. Kituo cha Mafunzo ya Usimamizi wa Maafa cha Chuo Kikuu Ardhi kimefanya kazi ya heshima, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, tangu idara ya tiba ya dharura ilipofunguliwa mwaka 2010, imeonesha kwamba taaluma mpya inaweza kujengwa nchini kuanzia chini kabisa. Kwamba maafa yapunguzwe kabla hayajatokea, kama Mwongozo wa Sendai wa 2015 unavyosisitiza, hilo halina mpinzani, na sitapoteza karatasi kulirudia.

Ugomvi wangu ni na picha iliyojificha ndani ya kauli hiyo: kwamba mtaalamu ni mtu anayekuja. Tukio hutokea mwaloni, taarifa hupanda kwa mtendaji wa kijiji, kata, wilaya, mkoa, kisha mtaalamu hushuka. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyopitishwa mwaka uleule wa maji meusi, imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kwenye karatasi, kwa hiyo, Buswahili na vijiji vingine vya wilaya ya Butiama vinavyopakana na ardhi oevu ya Mara vina watu wenye dhamana ya maafa. Wamefundishwa nini?

Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu ya kamati za namna hiyo, katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Siku mbili tulifundishwa muundo wa kamati: nani mwenyekiti, nani katibu, taarifa ipite wapi. Siku ya tatu mtendaji mmoja wa kijiji alisimama akauliza, "Mwalimu, samahani. Nikifika mtoni alfajiri nikakuta samaki wamekufa, mimi nianze na nini?" Akajibiwa atoe taarifa wilayani. Akaketi. Jibu lile ni sahihi kiutawala, na ndilo kosa ninalolizungumzia.

Mtu anaweza kusema kwamba dakika za mwanzo hazihitaji elimu, zinahitaji ujasiri tu. Ziwa letu, Victoria, linakanusha. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, watu walikuwa hai ndani ya tumbo la meli, wakivuta hewa iliyonaswa humo. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama. Nia ilikuwa njema kupita kiasi. Kilichokosekana pale, saa ile, ni mtu anayejua kwamba hewa ile ndiyo iliyokuwa inaibeba meli. Elimu hiyo ilikuwepo nchini, katika vyuo na katika vichwa vya wahandisi. Juu ya meli ile haikuwepo.

Mto mmoja, vipimo viwili

Mto Mara huanzia misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, husafiri karibu kilomita 395, kisha hutawanyika katika mafunjo ya ardhi oevu kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Upande wa Kenya umechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao. Mwaka 2018 walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ambayo, kwa maoni yangu, kila mtu aliyeshiriki ubishi wa 2022 alipaswa kuyasoma. Viboko zaidi ya 4,000 hulala katika madimbwi ya mto na vijito vyake. Wakati wa kiangazi kinyesi chao hurundikana chini, maji ya chini huishiwa oksijeni. Mvua ikinyesha juu, mkondo hulisukuma rundo lote kwa mpigo, oksijeni ya mto huporomoka kwa muda, na samaki hufa kwa wingi. Halafu mto husafika kana kwamba hapakuwa na kitu.

Swali la haki la mwananchi limejibiwa hapo. Iweje mwaka huu? Kwa sababu kinyesi cha kila siku hakiui. Kinachoua ni kurundikana wakati wa ukame na kusombwa kwa mara moja. Maelezo ya kamati yana mantiki ya kisayansi iliyokwisha kuoneshwa katika mto huuhuu, kilomita nyingi juu ya Kirumi, kwa mnyama mwingine.

Lakini tazama jinsi Dutton na wenzake walivyojua. Walikuwa na vipimo ndani ya maji kabla ya tukio. Mvua ilipokuja usiku, chombo kiliandika oksijeni ikishuka, kikaandika ikipanda tena. Kirumi hapakuwa na shahidi wa namna hiyo aliyejulikana na wananchi. Wataalamu wa kamati walichukua sampuli baada ya siku kadhaa, katika maji ambayo hayakuwa tena yale yaliyoua samaki. Na hapa ndipo pagumu: dhana zote mbili zilizokuwa zinashindana huacha alama zinazofutika upesi. Oksijeni hurudi. Sayanidi, kemikali ya migodi ya dhahabu ambayo watu wa Nyamongo, jirani na mgodi wa North Mara, wanaijua kwa jina, huruka hewani na kuvunjika. Sampuli yake isipotiwa alkali na kuwekwa kwenye baridi mara tu inapochotwa, maabara inaweza isione kitu hata kama kilikuwepo. Kwa hiyo, maabara inapotangaza baadaye kwamba haikukuta sumu, hilo halimtoshi mwenye shaka, na mwenye shaka si mjinga. Kamati ilipewa kazi ya kuthibitisha jambo ambalo ushahidi wake ulikuwa na umri wa saa chache.

Nani alikuwepo katika saa hizo? Wavuvi waliokuwa wanarudi na nyavu, wanawake waliokwenda kuteka maji, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kwenye mialo, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji. Walikuwa na macho, pua, na simu za kupiga picha. Picha zilisambaa. Picha ya maji meusi, hata hivyo, haisemi kwa nini ni meusi.

Kilichohitajika si maabara. Kuna kipimo cha oksijeni kinachoitwa cha Winkler, cha tangu karne ya 19, kinachofundishwa katika kila kozi ya maji. Unazamisha chupa ya kioo mtoni na kuijaza hadi ikose hata povu moja. Unadondosha ndani yake dawa ya manganizi, kisha dawa ya iodidi yenye alkali, unafunga, unaipindua mara kadhaa. Maji yakiwa na oksijeni, ukungu wa kahawia hutanda ndani ya chupa na kushuka taratibu. Yasipokuwa nayo, ukungu ni mweupe kama maziwa. Kupata kiwango kamili ni hatua nyingine, ya mtu mwenye mizani na bureti. Lakini kutofautisha kahawia na nyeupe hakuhitaji shahada. Chupa moja nyeupe, iliyofungwa alfajiri ile mbele ya watu watatu, ikaandikwa saa na mahali, ingekuwa na uzito kuliko kurasa zote za ripoti iliyofuata. Na ukungu wa kahawia, samaki wakiwa wamekufa palepale, ungeilazimisha kamati itafute mahali pengine.

Pingamizi

Mwanasheria atasema sampuli iliyochotwa na mwanakijiji haifai kama ushahidi, kwa kuwa mnyororo wa utunzaji hauaminiki. Hoja hii ina nguvu mahakamani. Lakini mnyororo hutengenezwa kwa mafunzo: chupa mbili badala ya moja, lakiri, sahihi za watu wasio wa upande mmoja, daftari. Mtendaji wa kijiji tayari anaaminiwa kuandika mikutano na kutunza mihuri ya umma. Sioni kwa nini mkono uleule usiaminiwe kuandika saa kwenye chupa.

Wengine wataona hatari ya kisiasa, kwamba kijiji chenye ugomvi na mgodi, au chenye ugomvi na wafugaji, kitachota maji ya kukithibitishia kinachokiamini. Inawezekana. Ndiyo maana mfugaji na mvuvi wanapaswa kufundishwa pamoja na kutia sahihi chupa ileile. Vilevile sidai kwamba kila kijiji nchini kinaweza kupewa vifaa hivi kesho. Dai langu linahusu mialo na madaraja machache ya mto unaojulikana.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua zaidi, kwa kuwa lina sura ya kukubaliana nami. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 kati ya 43 walikufa, na wavuvi walikuwa wa kwanza kuifikia. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, alizawadiwa na kuajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tukio hilo hutajwa kama ushahidi kwamba Serikali inathamini watu wa mwaloni. Alistahili heshima ile, na zaidi. Kama sera, hata hivyo, naiona imekwenda kinyumenyume. Mtu aliyekuwa na mtumbwi mahali ajali ilipotokea alitolewa mwaloni akapelekwa kwenye mafunzo. Mwalo ukabaki kama ulivyokuwa. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Julai 2023, mitumbwi iliyobeba waumini waliokuwa wanatoka ibadani ilizama katika kata ya Igundu, wilayani Bunda. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto. Walionusurika waliokolewa na nani, kama si na majirani wenye mitumbwi?

Somo la kwanza

Butiama sasa ina chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho bado kinajengwa na bado kinaamua kitakuwa chuo cha namna gani. Hakuna chuo kikuu kingine nchini kilicho karibu hivyo na mgodi, mifugo, ardhi oevu na ziwa kwa pamoja. Kingeweza kuanzisha cheti cha muda mfupi cha watendaji, BMU, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa wafugaji wa Butiama, Bunda na Musoma, na kuwataka wanafunzi wa shahada wasihitimu kabla ya kukaa msimu mmoja wa mvua za kwanza katika kijiji cha mtoni, wakifundisha na kufundishwa. Mvuvi wa Kirumi anajua mkondo wa usiku unavyobadilika mvua ikinyesha juu. Hilo mwanafunzi hatalikuta kwenye silabasi.

Somo la kwanza lifanyike saa kumi na moja alfajiri, wakati oksijeni ya mto huwa chini kuliko saa nyingine zote za siku. Wavae glavu, kwa sababu dawa zile huunguza ngozi. Kila mmoja ajaze chupa yake mwenyewe, akosee, amwage, ajaze tena, hadi povu lisibaki. Sampuli za sayanidi zinahitaji baridi. Friji la zahanati ni la chanjo na lisiguswe. Lakini mialoni wachuuzi wa samaki wana barafu kila siku. Chupa zinaweza kukaa humo hadi gari la wilaya lifike.