Mwili ni hekalu: Mkristo, urembo na mkorogo

Tunapozungumzia urembo katika vipindi vyetu, wasikilizaji hugawanyika mara moja. Wapo wanaoona kusuka nywele, hereni na poda kuwa ni dunia imeingia kanisani. Wapo wanaosema Mungu huangalia moyo, basi mengine tusiulizane. Kila upande una aya zake.

Tuanze na Yesu mwenyewe. Katika Mathayo 6:16-18 anawaagiza wanaofunga wasiharibu nyuso zao ili waonekane, bali wajipake mafuta kichwani na kunawa uso. Hata siku ya kufunga, basi, Mkristo anajitunza. Paulo (1 Timotheo 2:9) na Petro (1 Petro 3:3-4) wanaonya juu ya misuko, dhahabu na mavazi ya gharama. Tunavyosoma sisi, wanalenga majivuno na kujionyesha kwa mali. Kitana na sabuni havimo.

Aya inayotajwa zaidi ni 1 Wakorintho 6:19-20, kuhusu mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Tukumbuke kwamba hapo Paulo alikuwa akikemea uasherati. Hakuwa akifundisha usafi. Hata hivyo hoja yake inafika mbali: mwili si mali yetu, tumekabidhiwa. Aliyekabidhiwa nyumba huifagia na kuziba panapovuja. Habomoi ukuta.

Hapo ndipo mkorogo unapotuhusu, maana wanaojichubua wamo pia makanisani mwetu, wanawake kwa wanaume, na wengine huanza wiki chache tu kabla ya harusi. Baadhi ya sabuni na krimu hizo zina zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi ya asili inayotukinga na jua. Ngozi hung'aa kwa muda, kisha huja vipele, mabaka na makovu. Zebaki huingia mwilini na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Wengine nyumbani nao huweza kudhurika, kwa mvuke wake au kwa kutumia taulo moja. Krimu nyingine zina haidrokwinoni au steroidi kali, ambazo ni dawa za kutumiwa kwa usimamizi wa daktari. Steroidi zikitumika kiholela hupunguza unene wa ngozi.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliruhusu kiasi kidogo mno katika vipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Sokoni bado vipo, na mara nyingi zebaki haitajwi kwenye lebo. Kopo lisiloonyesha viambato wala mtengenezaji tuliache dukani.

Tunawaomba pia wahubiri wasiwaaibishe waumini hawa madhabahuni. Wengi walianza kwa sababu waliambiwa tangu utotoni kwamba weusi wao ni kasoro, wakati mwingine na ndugu zao wenyewe, na utani huo tunausikia hata kwenye kwaya.

Aliyekwisha kutumia krimu hizi kwa muda mrefu amwone daktari wa ngozi, aende na kopo lenyewe. Kama lina steroidi, kuacha ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake na kuvimba, hivyo daktari atamwelekeza jinsi ya kupunguza hatua kwa hatua.