Nakivale, Julai 2010: Itikadi, Maslahi na Hatima ya Mkimbizi katika Sera ya Nje ya Uganda

Wachambuzi wa sera ya nje ya Uganda wamegawanyika. Kundi moja linasema ukarimu wa nchi hii kwa wakimbizi ni tunda la Umajumui wa Afrika wa viongozi wa chama tawala cha NRM, ambao baadhi yao waliwahi kuishi uhamishoni. Kundi la pili linaona maslahi matupu: fedha za wafadhili na sifa mbele ya mataifa. Alexander Betts, katika utafiti wake wa 2021, ameonyesha jinsi tawala zilizofuatana zilivyowatumia wakimbizi kujijengea wafuasi na marafiki. Tatizo ni kwamba pande zote hushughulika mno na swali la kwa nini mgeni hupokewa. Makala haya yanauliza nani hufukuzwa, na lini.

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilayani Isingiro, kusini mwa Mbarara, inafaa kwa swali hilo. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mwaka 1982, wafuasi wa UPC, chama tawala cha wakati huo, walipowatimua Wanyarwanda katika maeneo ya Mbarara, wengi walivuka mpaka na wengine wakasukumwa hadi makazi ya Nakivale na Oruchinga. Tangu hapo makazi haya hayajawahi kuwa nje ya siasa za dola.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika wiki moja. Tarehe 11 Julai 2010 wanamgambo wa al-Shabaab wa Somalia walilipua mabomu Kampala na kuua watu zaidi ya 70, wakilipiza hatua ya Uganda kupeleka majeshi Mogadishu tangu Machi 2007. Mtu angetarajia hasira ya dola iwashukie Wasomali wa Nakivale. Haikuwa hivyo. Siku tatu baadaye polisi wenye silaha walizingira Wanyarwanda, ambao hawakuhusika kabisa na mabomu yale. Zaidi ya watu 1,700 kutoka Nakivale na makazi mengine ya Kyaka II walipakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda. Wapo walioruka malorini wakafa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) lililaani operesheni hiyo hadharani.

Kwa nini waliofukuzwa ni hawa na si wale?  Hatari kwa raia haielezi, kwani inaelekeza upande wa pili. Kinacholingana na matukio ni uhusiano wa Kampala na serikali ya kule mkimbizi alikotoka. Nchini Somalia, Uganda ilikuwa mlinzi wa serikali changa iliyohitaji imani ya Wasomali. Mwezi huohuo, Umoja wa Afrika ulipokutana Kampala, iliahidi askari zaidi. Rwanda, kwa upande wake, ilitaka watu wake warudi, na Kampala ilikuwa ikiujenga upya urafiki ulioharibiwa na mapigano ya majeshi ya nchi hizo mbili mjini Kisangani, Kongo, mwaka 1999 na 2000. Methali husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Julai 2010 nyasi ziliumia kwa sababu fahali walikuwa wakipatana.

Serikali ilijitetea kwamba waliorudishwa walikuwa wameshakataliwa maombi yao. UNHCR ilieleza kuwa miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliotambuliwa. Na hata aliyekataliwa hastahili kuondolewa kwa mtutu wa bunduki. Wanaoshikilia hoja ya fedha nao wana deni la kueleza: wafadhili hawakuwa wakilipia Wasomali peke yao, basi kwa nini Wanyarwanda ndio waliotolewa?

Sidai kwamba itikadi ni kiini macho. Inaonekana hufanya kazi pale tu inapokwenda njia moja na maslahi. Viwili hivi vinapoachana, anayelipa ni mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 kuhusu wakimbizi uliliona jambo hili mapema. Ulitamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, lisilopaswa kuhesabiwa na nchi yoyote kuwa uadui, na ukakataza kumrudisha mkimbizi bila hiari yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inakataza kumrudisha kwenye hatari.

Somo hili halijapitwa na wakati. Agosti 2025 Uganda ilikubaliana na Marekani kupokea baadhi ya watu waliokataliwa hifadhi huko, na kwa mara nyingine mwomba hifadhi akawa sehemu ya mapatano ya dola mbili. Serikali ina haki ya kuchagua vita vya kuingia na marafiki wa kushika. Haina haki ya kulipia urafiki huo kwa watu wa Nakivale. Uamuzi wa kumrudisha mtu ubaki kwa vyombo vya kisheria vya kupima maombi na rufaa, na aweze kuupinga katika Mahakama Kuu pale Mbarara kabla hajapandishwa lorini.