Ufagio Mahali pa Bunduki: Kumbukumbu za Askari wa Zamani wa Jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki na Silaha Walizozibeba

Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki, anasimulia kisa kilichotokea Mwanza miaka kumi nyuma. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikuwa limeidhinisha malipo kwa waliokuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, ambao bado walikuwa hai. Ofisi ya muda ya malipo ikafunguliwa katika mji huo ulio kando ya Ziwa Viktoria. Wazee wapatao 350 walijitokeza, lakini ni wachache mno waliokuwa na vyeti walivyopewa na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Ofisa wa benki aliyekuja na fedha akapata wazo. Kila mdai aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio, na kuamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya bunduki. Kwa mujibu wa Miller, hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi na kwa kawaida husomwa kama ushahidi wa mapenzi: mapenzi ya askari kwa jeshi lake, kwa kamanda wake, na kwa bunduki ambayo mikono yake haikuisahau kwa miaka 46. Insha hii haikanushi kwamba mapenzi hayo yalikuwapo. Inachohoji ni kitu chenyewe kilichopendwa. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu ya bunduki miongoni mwa askari hao ilikuwa zaidi kumbukumbu ya hadhi na ujira vilivyoambatana na kuishika. Aidha, inadai kwamba wasimulizi wa Kizungu walizigeuza hadhi na ujira hivyo kuwa utiifu.

Ni vyema kuanza na udhaifu wa kisa kama chanzo. Kimetufikia kwa kalamu ya mwandishi wa Kimarekani, hakuna mzee hata mmoja anayetajwa kwa jina, wala maneno ya yeyote kati yao hayakunukuliwa. Kauli kwamba hakuna aliyeshindwa inapaswa kumtia mwanahistoria shaka badala ya kumfurahisha. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 vita vilipoanza alikuwa na miaka 70 mwaka 1964. Wazee 350 wa umri huo wasiokosea amri hata moja ni jambo la hadithi zaidi kuliko la kumbukumbu za ofisi.

Lipo tatizo kubwa zaidi. Mtihani wa ufagio haukuweza kumtenga askari na asiye askari kama msimulizi anavyodhani. Utafiti wa Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni, uliochapishwa mwaka 1975, ulionyesha jinsi gwaride, vyeo na mavazi ya kijeshi vilivyosambaa kutoka mwambao hadi bara kabla ya vita, wakati wa vita na baada yake. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na makamanda wao, mashindano yao na nidhamu yao ya kutembea kwa hatua. Vijana wengi ambao hawakuwahi kuandikishwa jeshini walijua kusimama wima, kugeuka na kuinua mkono kwa amri. Kwa hiyo, mzee aliyeinua ufagio begani kwa ustadi huko Mwanza huenda alikuwa askari, na huenda alikuwa mtoto wa bomani aliyekua akitazama kwata kila asubuhi. Hili halifanyi kisa kuwa uongo. Linaonyesha tu kwamba kwata ilikuwa mali ya jamii pana kuliko orodha ya mishahara ya Schutztruppe.

Tuigeukie bunduki yenyewe. Vita vilipoanza Agosti 1914, Schutztruppe ilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kombania 14, na sehemu kubwa yao walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa silaha ya kizazi kilichopita: yenye kipenyo cha milimita 11, ya risasi moja moja, na ya baruti nyeusi. Kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu zito la moshi lililomwonyesha adui mahali hasa alipojificha mpigaji. Ilikuwa nzito, na kitako chake kilipiga bega kwa nguvu. Kwa kipimo cha kijeshi, hakukuwa na sababu nyingi za kuipenda. Lettow-Vorbeck mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, anailalamikia.

Hata hivyo, ubora wa silaha haupimwi kwa kulinganishwa na silaha za Ulaya pekee. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliyazuia mataifa yaliyoutia saini kuingiza bunduki za kisasa katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, isipokuwa kwa ajili ya serikali na watu wachache wenye vibali. Biashara iliyoruhusiwa kwa Waafrika ilikuwa ya magobole na baruti ya kawaida. Unyamwezi na Usukuma, ambako jeshi liliandikisha vijana wengi baada ya kizazi cha kwanza cha Wasudani walioletwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889, zilikuwa nchi za wapagazi wa misafara, wawindaji wa tembo na rugaruga. Bunduki ilikuwa imekwisha kuwa alama ya mwanamume aliyesafiri na kurudi na kitu. Ukoloni ukaibana alama hiyo na kuwagawia wachache. Mtoto wa mwindaji aliyejiandikisha bomani alikabidhiwa silaha ambayo baba yake asingeweza kuinunua kihalali kwa bei yoyote. Machoni pa Mzungu, Mauser ya 1871 ilikuwa chuma kikuukuu. Kijijini kwao askari, hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Bunduki hiyo iliandamana na rupia 20 kwa mwezi, mshahara wa kuanzia wa askari, katika nchi ambayo kodi ya nyumba shambani ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mshahara wa mwezi mmoja ulitosha kulipia nyumba sita. Michelle Moyd, katika utafiti wake wa mwaka 2014, ameeleza kwa kina jinsi askari walivyotumia ujira huo kujenga kaya zenye wake, watoto, vijakazi na wategemezi, na kujitengenezea nafasi ya wakubwa. Maelezo hayo yanashawishi kuliko yale ya utiifu wa kuzaliwa nao. Yanatusaidia pia kuuona ufagio wa Mwanza kwa jicho jingine. Katika kambi za askari, kufagia ilikuwa kazi ya wanawake na ya wadogo. Kumpa mzee aliyekuwa mkubwa ufagio na kumwamuru aufanye bunduki kulikuwa na dharau ndani yake, hata kama aliyebuni mtihani hakuikusudia. Wasimulizi wa kisa hiki huona kichekesho chenye upole. Haijulikani kama wazee nao waliona hivyo.

Ushahidi mwingine unazidi kuitenganisha kumbukumbu na chombo. Askari waliopigana hadi mwisho hawakumaliza vita na bunduki walizoanza nazo. Huko Tanga, Novemba 1914, walitwaa mamia ya bunduki za Waingereza na Wahindi. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, kwenye makutano ya mto huo na Lugenda, na karibu nusu ya jeshi likapata bunduki za Kireno. Mwaka uliofuata waliongeza nyingine huko Namacurra. Walipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala hivi leo, tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliandika kwamba walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Hapakuwa na hata moja ya kisasa ya Kijerumani.

Takwimu hiyo inastahili kutafakariwa. Askari anayesifiwa kwa kuipenda bunduki ya Kijerumani alikuwa amekwisha kuiacha njiani, tena bila majuto yaliyoandikwa popote. Alibadilisha silaha kila aliposhinda. Kilichobaki bila kubadilika ni amri na mwendo wa mikono. Ndiyo maana ufagio ulitosha. Ungeweza kuwa mwichi au fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Pale Abercorn, Wazungu wa Schutztruppe waliruhusiwa kubaki na silaha zao binafsi kama heshima. Askari hawakuruhusiwa. Mtu anayetafuta chanzo cha uchungu uliojificha ndani ya mapenzi ya bunduki ana sababu ya kutazama hapa. Bunduki haikuwa mali ya askari hata siku moja. Ilikuwa amana ya serikali, na serikali ilipobadilika alipokonywa hadhi pamoja na chuma, huku mishahara ya miezi mingi ikibaki haijalipwa. Cheti cha mwaka 1918, kile ambacho wazee wengi hawakuwa nacho Mwanza, kilikuwa kwa hakika hati ya deni.

Wengine hawakungoja hadi 1918. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya batalioni ya sita ya King's African Rifles, yaani 6 KAR, kwa kuwachukua kwa wingi waliokuwa askari wa Wajerumani, wakiwamo mateka. Watu hao walipewa bunduki za Kiingereza na kuzielekeza kwa wenzao wa jana. Waandishi wa Kijerumani wa miaka ya baadaye, walioeneza picha ya askari mtiifu asiyemwacha bwana wake, hawakupenda kulizungumzia kundi hili. Lakini kwa historia ya kumbukumbu, 6 KAR ni muhimu kama Mwanza. Inaonyesha kwamba fahari ya kubeba bunduki iliweza kuhama kutoka bendera moja hadi nyingine bila kupungua, kwa kuwa haikufungwa na bendera tangu mwanzo.

Hakuna insha inayoweza kuzungumzia mapenzi ya bunduki bila kuwakumbuka waliokuwa mbele ya mtutu. Mradi wa utafiti wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioendeshwa mwaka 1968 chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, ulikusanya masimulizi ya wazee wa kusini miaka minne tu baada ya tukio la Mwanza. Wasimulizi hao walikuwa wa rika la askari, au wakubwa wao kidogo. Nao waliikumbuka bunduki vizuri: kama kitu ambacho maji ya Kinjikitile yaliahidi kukizima, na ambacho hakikuzimika. Walikumbuka pia mashamba yaliyochomwa na njaa iliyofuata. Makadirio ya vifo ni kati ya watu 75,000, kwa hesabu ya Wajerumani, na 250,000 hadi 300,000 kwa hesabu ya Gwassa. Askari waliofanya kazi hiyo kati ya 1905 na 1907 walibeba Mauser ileile ya 1871. Kumbukumbu hizi mbili zimehifadhiwa katika rafu tofauti, moja katika vitabu vya vita na nyingine katika vitabu vya upinzani, na ni nadra kusomwa pamoja. Mzee wa Mwanza na mzee wa Umatumbi walikuwa wakikumbuka kitu kimoja kutoka ncha mbili.

Wapagazi ni kundi la tatu, na hawa hawakuwa na bunduki ya kukumbuka kabisa. Upande wa Waingereza pekee waliandikishwa wapatao milioni moja, na vifo vyao vilizidi 95,000. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi chao. Hakuna ofisa wa benki aliyewahi kufikiri kuwapima kwa kuwatwisha mzigo kichwani.

Mwaka wa tukio la Mwanza haukuwa mwaka wa kawaida nchini. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Batalioni hiyo ndiyo 6 KAR ileile, iliyobadilishwa jina wakati wa uhuru. Tarehe 25 Januari wanamaji wa Uingereza walitua kambini kwa helikopta na kuwanyang'anya silaha. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikaundwa Jeshi la Wananchi la Tanzania, lililoandikisha vijana wake kwa misingi mipya ya kisiasa. Serikali ya Nyerere ilikuwa ikijiuliza upya ni nani anayestahili kukabidhiwa bunduki, na kwa ahadi gani.

Hakuna ushahidi kwamba wazee wa Mwanza waliyahusisha mambo hayo mawili. Lakini madai yao na madai ya vijana wa Colito yalifanana katika jambo ambalo simulizi la mapenzi hulifunika. Wote walikuwa wameshika bunduki kwa niaba ya serikali ya wengine, na wote walikuwa wakidai ujira. Waliokuwa Colito walidai wakiwa na silaha mkononi, wakapokonywa. Waliokuwa Mwanza hawakuwa nayo tena, na deni lao lilikuwa limekaa tangu Novemba 1918. Lettow-Vorbeck, aliyewaandikia vyeti, alifariki Machi 1964 akiwa na umri wa miaka 93.